Nyasi Zilizokauka Kando ya Kaburi la Mwalimu

Jumapili, alasiri. Mawingu yamefunika Migori tangu asubuhi, hayataki kunyesha wala kuondoka. Nimefua nguo zangu za kazi na bado hazijakauka. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma na simu mkononi, naandika, kwa sababu nimefanya jambo ambalo hadi sasa sijamweleza mtu nyumbani, hata mume wangu.

Nilisababisha mtu afutwe kazi, na hakuwa na kosa.

Nianze mwanzo, nisijipendelee.

Mimi ni fundi wa maji. Ninazika mipira ya dripu chini ya nyasi za watu, ile yenye vitundu vidogo vinavyotoa tone baada ya tone, ili nyasi zinywe kutoka chini bila mtu kushika mpira wa kumwagilia. Watu wengi huku hucheka nikiwaeleza. Mtu anywe maji ya shida halafu nyasi zinyweshwe kila jioni? Lakini wenye nyumba za wageni wanataka, na watu walio Nairobi wanataka kwa ajili ya maboma ya wazazi wao. Mimi ni Mkuria wa Kehancha, na nusu ya kazi yangu iko upande wa Homa Bay, kwa Wajaluo. Dholuo, lugha yao, ninajua maneno ya sokoni tu. Zaidi ya hapo tunaelewana kwa Kiswahili, na wakianza kuongea wao kwa wao mimi hubaki nikitazama nyuso.

Hapo ndipo ugonjwa wangu unapoanzia. Mimi nashuku watu. Kazi yenyewe inanifundisha hivyo: kitu kimezikwa, hukioni, kikiharibika unabaki kukisia. Fuko ametafuna? Mizizi imeingia kwenye vitundu? Chujio halijaoshwa? Au kuna mkono wa mtu? Na mimi, sijui kwa nini, huanza na mkono wa mtu.

Miezi michache iliyopita alinipigia simu mwanamume anayeitwa Ochieng. Anafanya kazi Nairobi. Alikuwa ameona nyasi nilizotengeneza kwenye nyumba ya wageni ya rafiki yake hapa Migori, akataka boma la mama yake, karibu na Rodi Kopany, liwe kijani mwaka mzima. Baba yake, ambaye kila mtu pale humwita Mwalimu, alikuwa amefariki, na familia ingekusanyika kumkumbuka. Ochieng hakutaka wageni wakute vumbi.

Sasa ndiyo naona kwamba mama mwenyewe hakuulizwa.

Nilimkuta siku niliyofika na vifaa. Muuguzi mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alituonyesha mahali pa kuweka vifaa vyetu, akatuletea chai, mimi na mwenzangu Mwita. Mwita akapewa kikombe cha kawaida, mimi nikapewa kikombe na kisahani chake, pengine kwa kuwa ni mwanamke. Kuhusu kazi aliniuliza swali moja tu: maji yangepita kila mahali? Nikamwambia kwa majivuno kwamba hakuna kona ingebaki kavu. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Kaburi la Mwalimu liko upande wa kulia wa nyumba, limejengwa kwa saruji na kufunikwa vigae. Tulizungusha mipira pande zake zote, kama tulivyofanya kwingine. Mitaro ya kina cha shubiri moja, futi moja kati ya mstari na mstari. Chujio karibu na tangi, geji ya presha baada yake, koki za kusafishia mwisho wa mistari, na saa ya kufungua maji kila jioni. Kisha nyasi juu.

Pale palikuwa na mtu anayeitwa Ouma. Alikuwa amemwagilia na kufyeka boma lile kwa miaka kumi na moja, tangu Mwalimu akiwa hai. Siku ya pili ya kuchimba alisimama kando ya mtaro wetu na gambuti zake, akatazama sana, akauliza: "Sasa hii ikiisha, mimi nitashika nini?"

Mwita alicheka. Nami nikacheka. Hakuna aliyemjibu. Lakini nililiweka swali lile moyoni, na kuanzia saa ile nikawa namwangalia Ouma kama mtu mwenye sababu.

Wiki tatu baadaye Ochieng alinitumia picha aliyopigiwa na binamu yake. Nyasi zote zilikuwa kijani isipokuwa kando ya kaburi, ambapo zilikuwa kama zimechomwa. Aliandika maneno mawili: "Ni nini?"

Nikapanda hadi Rodi. Geji ilisoma presha ya juu kuliko nilivyoiacha, na hapo nikajua si mpira uliopasuka. Uliopasuka hushusha presha. Huu ulikuwa umezibwa. Nikachukua bisibisi nikawa nachoma ardhi hatua kwa hatua. Mahali penye maji inazama kama kwenye uji, mahali pakavu inagoma. Iligoma pande zote za kaburi. Nikachimba, na nusu saa baadaye nikaupata: mpira umekunjwa kama kiwiko na kufungwa kwa ukanda mweusi wa tyubu ya baiskeli. Mistari mitatu, yote hivyo hivyo.

Fuko hafungi fundo.

Nilikwenda stoo. Kwenye msumari nyuma ya mlango zilining'inia kanda nyeusi za tyubu, zimekatwa kwa upana ule ule. Zilikuwa za Ouma, alizofungia nguzo za ua. Nikapiga picha ya fundo na ya msumari. Nilijiambia hata mahali amepachagua kwa akili: jicho la mgeni linaanzia kaburini. Anataka niaibike mbele ya watu.

Ouma alikuwa amesimama hatua kumi kutoka nilipokuwa. Sikumuuliza chochote. Mama alikuwa ametoka nje, akasema polepole kwamba labda ni fuko. Nikamwonyesha fundo. Kisha Ouma akamwambia kitu kwa Dholuo, naye akajibu neno moja ambalo hata mimi nalijua, erokamano, asante. Nikawaza: anamshukuru kwa lipi? Wamepanga nini hawa wawili?

Nikazituma picha zote mbili kwa Ochieng.

Simu ya Ouma ililia kabla sijamaliza kufukia. Alisikiliza, hakubishana. Alivua zile gambuti, akazipanga mlangoni mwa stoo, akavaa ndara zake akaenda. Mama alikuwa jikoni. Alipotoka na kuambiwa, alikaa kwenye kiti cha varanda na hakusema kitu hadi naondoka. Nilidhani amesikitika kwa kusalitiwa na mtu wake.

Njiani kurudi nilijisikia vizuri. Nakiri hilo. Nilijiona mtu mwenye macho.

Baada ya wiki mbili, picha nyingine. Mahali pale pale.

Safari hii sikulala vizuri. Ouma hayupo, basi nani? Nikamshuku Ouma mwenyewe, kwamba anapenya kwenye ua. Nikamshuku ndugu yake Mwalimu, ambaye shamba lake linapakana na boma, nikijiambia hapendi kuona mjane akipendeza. Nikamshuku hata Mwita. Nilimwambia kwa ukali kwamba huenda aliunga vibaya na sasa anaficha, na kwamba kama anataka kwenda kufanya kazi na mafundi wengine aende wazi wazi. Mwita amefanya kazi nami miaka sita. Alifunga mfuko wake wa vifaa, akasema sawa, na hajanisalimia vizuri tangu siku hiyo.

Jumanne nilifukua peke yangu. Mipira ilikuwa imekunjwa tena, lakini sasa ilifungwa kwa bendeji nyeupe. Mzunguko baada ya mzunguko, nadhifu, mwisho umechomekwa ndani kama kwenye kifundo cha mguu cha mgonjwa. Mtu mwingine angesimama hapo akafikiri. Mimi niliona tu kwamba adui ameishiwa na tyubu.

Nilifungua mafundo yote, nikafukia, nikarudisha nyasi, nikamuaga Mama kama mtu anayerudi Migori. Sikurudi. Nililala lojing Rodi, na Jumatano kulipopambazuka nikawa langoni. Niliacha pikipiki mbali ili isisikike.

Lango lilikuwa limerudishwa tu. Niliingia taratibu, simu nimeishika tayari.

Alikuwa Mama.

Alikuwa amepiga magoti kando ya kaburi, leso kiunoni, kisu cha jikoni mkononi. Alikuwa ameinua kipande cha nyasi kwa uangalifu kama anayefungua kidonda. Kando yake palikuwa na bendeji imekunjwa. Alinisikia, akageuka. Hakushtuka. Aliangalia mkono wangu.

"Usipige picha, nyathina," alisema. Mtoto wangu, alimaanisha.

Niliweka simu mfukoni.

Akanieleza akiwa bado amepiga magoti, nami nikachuchumaa ili nisisimame juu yake. Mwalimu alikuwa akifundisha kisiwani Takawiri. Siku za shule alikaa kule, Ijumaa alivuka kuja nyumbani. Ijumaa moja boti ilipinduka. Wengine waliokolewa. Yeye alikaa majini siku nne kabla ya kupatikana, na mkewe alikaa ufuoni siku hizo nne zote, kwa sababu hakutaka amkose akitolewa. Alipoletwa nyumbani, wazee walitaka kumzika chini kidogo, karibu na mti wa familia. Yeye alikataa, akachagua mahali pa juu, ambapo hata maji ya mvua kubwa hayatuami. Alisema huyu mtu amelowa vya kutosha.

"Nilimleta pakavu," alisema. "Halafu wewe ukamrudishia maji. Kila jioni ile saa ikifungua, nasikia yakipita chini, yanakwenda kwake."

Niliuliza swali la kijinga. Nilimuuliza, mvua je?

"Mvua ni ya Mungu," akajibu. "Hii ni ya mwanangu."

Kwa nini basi hakumwambia Ochieng? Alifuta udongo kwenye kisu kwa ncha ya leso. Akasema Ochieng hakuwahi kulia. Alikuja na jeneza zuri, akapanga watu, akalipia viti, akarudi kazini. Nyasi hizi ndizo kitu cha kwanza anachokizungumzia kwa furaha tangu mazishi. Kila jioni anauliza zimefikia wapi. Mama atamwambiaje kwamba zawadi yake inamnyima usingizi?

Halafu nikataja jina la Ouma.

Aliwatazama ng'ombe wa jirani wakipita barabarani.

"Hapo nimekosa," alisema. "Kila siku nasema kesho nitampigia mwanangu, nimwambie. Kesho inafika, naona haya."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Yeye alinyamaza. Mimi ndiye niliyepiga picha.

Kazi niliyofanya siku hiyo ni ndogo, lakini nitaiandika. Nilikata mistari yote iliyokaribia kaburi, nikaiziba ncha kwa vizibo, nikazungusha mpira mpya mbali, kiasi cha hatua nne kila upande. Niling'oa nyasi zilizobaki ndani ya duara hilo. Nilimuuliza Mama kama anataka kokoto au mawe. Akasema hapana, anataka udongo mtupu. Zamani alikuwa akipafagia kila asubuhi kabla hajanywa chai, na nyasi zilipowekwa akakosa cha kufagia. Nilipomaliza alileta fagio. Nilisimama mbali nikaosha chujio, mara mbili, ingawa halikuwa chafu.

Kisha nikampigia Ochieng.

Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. Nilimwambia kwamba Ouma hana kosa hata kidogo, kwamba mimi nilipanga vibaya mistari karibu na kaburi, na sasa nimeibadilisha. Akauliza kuhusu fundo. Nikasema sikupaswa kutuma ile picha. Akauliza tena, nani alifunga? Nikamwambia mama yake ana jambo la kuzungumza naye, ana kwa ana, si kwa simu, na kwamba ni vizuri aje mapema kabla ya wageni. Zaidi ya hapo sikusema. Siri haikuwa yangu.

Aliuliza mara ya tatu, na nikasikia kwenye sauti yake kitu ninachokijua vizuri. Alikuwa ananishuku. Akasema alidhani mimi ni fundi makini. Alhamisi yule rafiki yake wa nyumba ya wageni akanitumia ujumbe kwamba ile bustani ya pili tuliyokuwa tumeipanga, amepata mtu mwingine.

Nilistahili. Lakini iliniuma.

Ijumaa nilikwenda Rangwe. Mama alikuwa ameniambia kwamba Ouma yuko kwa dada yake huko, na anauza miche kando ya barabara karibu na soko. Nilimkuta chini ya gunia lililotandazwa kama paa, miparachichi na migrevilea imepangwa mbele yake, ananyunyizia maji kwa kopo alilotoboa matundu kwa msumari. Aliniona, akaendelea kunyunyizia.

Niliomba msamaha nikiwa nimesimama juani. Nilimwambia nilichofanya, kwa mpangilio, pamoja na picha ya msumari. Nikamwambia sasa najua ni nani, nikaanza kueleza, akainua mkono kunizuia.

"Fundi, hayo najua," alisema. "Zile raba za tyubu ni mimi nilimpa. Alikuja kuniomba, sikumuuliza za nini. Kesho yake asubuhi nikamwona pale kaburini."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Simu ilikuwa sikioni mwake, bosi alikuwa anamsikiliza, neno moja lingetosha.

Aliweka kopo chini.

"Nimwambie mtoto kwamba mama yake anachimba kaburini asubuhi na kisu? Akiwa Nairobi, peke yake, asikie hivyo kutoka kwangu?"

Nikamuuliza alimwambia nini Mama kwa Dholuo siku ile, kabla sijatuma picha. Ilinibidi niulize, nimekaa na jambo hilo zaidi ya wiki mbili. Akafikiri kidogo kama mtu anayetafuta kitu asichokiona cha maana. Akasema alimwambia aende kivulini, jua lilikuwa kali.

Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikumdai. Alisema Mama amempigia simu Alhamisi usiku, ameomba arudi, na yeye atarudi Jumatatu akimaliza miche hii, kwa sababu mwenye kumwita ni Mama na si mtu mwingine. Kazi ipo, akasema. Chujio lazima lioshwe kila wiki, koki za mwisho zifunguliwe mistari isafishike, na mizizi haingoji mtu. Akaniuliza kama vizibo nilivyoweka ni vya kubana au vya kuzungusha. Nikamwambia vya kuzungusha. Akasema vizuri.

Nilipokuwa nawasha pikipiki aliniuliza, kwa utulivu tu, kama anayeuliza habari za barabara, ni nani wengine nilikuwa nimewashuku. Nikamtajia: yeye, shemeji wa Mama, na Mwita wangu.

"Na Mama hukumshuku?"

Nikasema hapana.

"Hata ulipoona bendeji?"

Hapana.

"Kwa nini?"

Nilivaa kofia nikaondoka, na jibu nikalipata kabla sijafika Rodi. Mama alininywesha chai kwa kikombe chenye kisahani. Ouma alikuwa ameshika jembe.

Na mimi nimeshika jembe miaka kumi na minne. Nikiingia kwenye boma la mtu na nguo zangu za udongo, kitu kikipotea, mimi ndiye wa kwanza kutazamwa. Najua jinsi macho yale yanavyowasha mgongoni. Nimewahi kulia kwa sababu yake. Ilikuwaje basi nikawa nayo, mazima mazima, bila hata kuyaazima kwa mtu?

Mawingu bado yako pale pale. Mume wangu ameuliza naandika nini kwa muda mrefu hivi, nikamwambia nitamsomea baada ya chakula. Nitamsomea kweli. Lakini kwanza nitampigia Mwita, kabla giza halijaingia na sijapata kisingizio.